Lawama ya Hatua ya Mwisho

Kichwa cha risasi hupachikwa mwisho. Kabla yake ganda limeshasafishwa, limerudishiwa umbo lake, limekatwa urefu unaotakiwa, limetiwa fataki mpya kitakoni na kumiminiwa baruti iliyopimwa kwenye mizani. Kazi yote hiyo huja kukomea kwenye mkono mmoja unaoteremsha wenzo wa mashine, na kwenye mchi mdogo wa chuma unaokisukuma kichwa mpaka kiingie katika shingo ya ganda. Kikiingia mshazari, kikizama kuliko wenzake, kikikwaruzwa ubavuni au kikibaki kinachezacheza ukikishika kwa vidole, hapo ndipo kasoro inapoonekana kwa mara ya kwanza. Na kwa kuwa imeonekana hapo, mtu hushika spana na bisibisi akaanza kuigeuzageuza kalibu ya kupachikia, kana kwamba kosa ni lazima liwe limezaliwa pale lilipojitokeza.

Naamini sivyo. Naamini hatua ya mwisho hubebeshwa lawama za hatua zote zilizoitangulia, na kwamba anayetaka kujua kwa nini kichwa hakikai sawa hana budi kurudi nyuma, tena nyuma kuliko anavyopenda. Mlango ukigoma kufunga, fundi mchanga hurandaranda ubao wa mlango, na fundi mkongwe huitazama fremu, kisha ukuta, kisha msingi. Tofauti ni kwamba mlango uliokosewa hukwaruza sakafu tu. Risasi iliyokosewa hulipuka sentimita chache kutoka kwenye jicho la mwenye bunduki, na ndiyo maana siwezi kuliona jambo hili kuwa dogo.

Wengi wetu hatujaiona kazi hii ikifanywa. Tanzania na Kenya mtu binafsi haruhusiwi kutengeneza risasi bila leseni, na naona ni sawa iwe hivyo. Marekani ni habari nyingine: huko ni shughuli halali ya watu wa kawaida, wakulima, walimu, wastaafu, wanaojifungia gereji au vyumba vya chini ya nyumba majira ya baridi wakijaza maganda yao wenyewe kwa ajili ya msimu wa kuwinda au mashindano ya shabaha. Ilianza kwa shida. Wawindaji wa baisani katika nyanda za Magharibi, miaka ya 1870, walibeba vifaa vya kujazia risasi kwa sababu duka lilikuwa mbali na ganda la shaba liliweza kutumika tena na tena. Mwaka 1884 John Barlow alianzisha kampuni ya Ideal huko New Haven, Connecticut, akawauzia watu koleo la mkono lililoweza kufanya karibu kazi yote juu ya meza. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, madini yalipokwenda vitani na maduka yakabaki matupu, Fred Huntington wa Oroville, California, alianza mwaka 1943 kutengeneza kalibu za kufinyangia vichwa, na kampuni yake ya RCBS ipo hadi leo. Siku hizi uchache si sababu kuu. Watu hufanya kazi hii kwa kutafuta usahihi ambao sanduku la dukani haliwapi.

Suala lenyewe, hata hivyo, si geni kwetu. Mwenye gobore hushindilia kila risasi kwa mkono wake: baruti kwanza, kisha kitambaa au nyuzi za katani, kisha goroli, na vyote hushushwa kwa mdeki kupitia mdomo wa mtutu. Aliye makini hutia alama kwenye mdeki. Alama ikilingana na mdomo wa mtutu, goroli imeikalia baruti. Ikibaki juu, kuna nafasi tupu katikati, na nafasi hiyo yaweza kuupasua mtutu. Mwenye gobore na mwenye mashine ya kisasa wanaulizwa swali moja lenye pande mbili: kichwa kimekaa wapi, na umejuaje?

Nianze na upande wa pili, maana humo ndimo wengi wanamopotelea.

Anayejaza risasi huzipima urefu kwa kalipa, kutoka kitako cha ganda hadi ncha ya kichwa. Kipimo hicho kina heshima yake. Taasisi ya watengenezaji wa silaha na risasi ya Marekani, SAAMI, iliyoundwa mwaka 1926, imeweka kikomo kwa kila aina: risasi ya .30-06 isizidi milimita 84.84, ile ya .308 Winchester isizidi 71.37. Kikomo kipo ili risasi ya kiwanda chochote iingie kwenye magazini ya bunduki yoyote ya aina yake. Ila angalia kinachotokea ndani ya kalibu. Mchi unaosukuma kichwa umechimbwa katikati, na ncha huingia kwenye uwazi huo bila kuguswa. Kinachoguswa ni mashavu ya kichwa, pale mviringo unapoanza kunenepa. Ncha zenyewe, hasa za vichwa vya kuwindia vyenye madini laini mbele, hazilingani hata zikitoka sanduku moja. Moja imebonyea njiani, nyingine imechomoza, na tofauti ya robo ya milimita ni jambo la kawaida.

Kwa hiyo mtu hupachika vichwa kumi kwa usahihi kamili, mashavu yote yakiwa umbali uleule kutoka kitakoni, na kalipa humpa tarakimu kumi tofauti. Anashtuka. Anaugeuza mchi juu kidogo kwa risasi ya nne, anaushusha kwa ya sita, na ilipofika ya kumi ameshaharibu kazi iliyokuwa nzuri kwa kuifuata tarakimu iliyokuwa ikisimulia habari za ncha. Hana kasoro ya kupachika. Ana kasoro ya kupimia, na tiba yake ni kipande kidogo cha chuma chenye tundu linalokaribia kipenyo cha kichwa, kinachofungwa kwenye taya la kalipa ili lishike mashavu badala ya ncha. Akikifunga, tarakimu zinatulia papo hapo. Hakuna kilichobadilika isipokuwa mahali alipoanza kuhesabia.

Mashavu yana haki ya kupimwa kwa sababu ndiyo yanayokutana na bunduki. Mbele ya chemba, mtutu una matuta yanayozunguka, nayo ndiyo yanayokizungusha kichwa kinapotoka. Umbali ambao mashavu husafiri kabla ya kuyagusa matuta huweza kubadilisha mahali risasi inapopiga, na hubadilisha shinikizo ndani ya chemba pia. Kichwa kikiwa kimeshayagusa matuta kabla ya kupigwa, shinikizo hupanda. Kikizamishwa mno ndani ya ganda hubana nafasi ya baruti, na huko nako kuna hatari yake. Kibaya zaidi kwa mwindaji ni kichwa kilichosukumwa kikaumana na matuta: akiamua kuitoa risasi bila kuipiga, kichwa hubaki mtutuni, ganda hutoka peke yake, na baruti humwagika ndani ya bunduki yake akiwa porini.

Kuna mtu mmoja ninayemwheshimu sana katika habari hii. Daktari Franklin Mann wa Massachusetts alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuuliza kwa nini risasi mbili zilizopigwa kwa mtutu uleule haziingii tundu moja. Kitabu chake kilitoka mwaka 1909. Mann hakutosheka na kubahatisha. Aliviharibu vichwa makusudi, vingine nchani, vingine kitakoni, akavipiga na kuangalia vinakwenda wapi. Vilivyoharibiwa ncha havikupotea sana. Vilivyoharibiwa kitako vilitawanyika vibaya, kwa sababu gesi inayotoka nyuma ya kitako kisicho sawa hukisukuma kichwa pembeni mara tu kinapouacha mdomo wa mtutu. Ncha, ambayo jicho huitazama kwanza na kalipa huigusa kwanza, ndiyo iliyokuwa na neno dogo kuliko zote. Kitako, kilichofichwa ndani ya ganda, ndicho kilichoamua. Miaka zaidi ya mia moja imepita na bado watu huziremba ncha.

Huko Montana niliwahi kukaa pembeni ya benchi la mzee mmoja, fundi mstaafu wa reli, nikimtazama akijaza risasi za .30-06 kwa ajili ya kulungu. Alikuwa na mazungumzo mengi mpaka aliposhika wenzo, kisha hakusema neno. Wakati fulani mkono wake ulisimama katikati ya safari. Alikuwa ameihisi risasi hiyo ikigoma zaidi kuliko zilizotangulia. Nilitarajia aiguse kalibu. Hakuigusa. Aliurudisha wenzo, akalitoa ganda, akaliinamishia lenzi ya mkono na kuutazama mdomo wake. Kulikuwa na unyoya mwembamba wa shaba nyekundu uliojikunja ukingoni, umechunwa kutoka ubavuni mwa kichwa. Ganda hilo lilikuwa limekatwa urefu, lakini ukingo wa ndani haukuchongwa ukalainishwa, na ukingo mkali ulikuwa umegeuka kisu. Kosa lilitendeka kwenye hatua aliyoimaliza siku nyingine kabisa, kwenye ganda moja lililomponyoka kati ya mengi. Aliliweka kando, akayapitia yote yaliyobaki kabla ya kuugusa wenzo tena.

Kile alichokihisi mkononi ndicho chanzo cha habari nyingi. Shingo ya ganda hushika kichwa kwa kuwa nyembamba kidogo kuliko chenyewe, kwa kawaida kama milimita 0.05 tu. Mshiko huo ukitofautiana kati ya ganda na ganda, kichwa kimoja kitateleza na kingine kitagoma. Mashine nayo ni chuma, na chuma hunyumbuka kidogo kikibanwa, hivyo kinachogoma hukaa juu kuliko kinachoteleza ingawa hakuna aliyegusa skrubu. Mtu atasema kalibu yake haitulii, na kalibu imetulia tuli. Shaba ya manjano hukazana kila inapopanuliwa na mlipuko na kubanwa tena na kalibu. Ganda lililopigwa mara sita lina shingo ngumu yenye kurudi nyuma kama springi, na ganda jipya lina shingo laini. Yachanganye kwenye sanduku moja, na kila utakachokigeuza kwenye mashine kitakuwa sahihi kwa nusu yake na kosa kwa nusu nyingine. Dawa ni kuyatenga maganda kwa idadi ya mara yalizopigwa, na kuzipasha moto shingo zilizochoka ili zilegee. Shingo peke yake, wala moto usifike kitakoni, kwa kuwa kitako ndicho kinachostahimili shinikizo linaloweza kupita megapaskali 400, na kitako kilicholainika ni hatari iliyowekwa karibu na uso.

Hata usafi una makosa yake, na hili lilinishangaza nilipolisikia. Masizi kidogo yaliyobaki ndani ya shingo baada ya risasi kupigwa hufanya kazi ya kilainishi. Ganda lililosuguliwa likang'aa hadi ndani hukishika kichwa kwa ukavu, shaba juu ya shaba, na mkono huhisi mikwaruzo isiyokuwepo zamani. Wapo wanaorudisha utelezi huo kwa unga mkavu wa grafiti, na wapo walioacha tu kuyang'arisha maganda yao kupita kiasi. Mimi ningekuwa upande wa hawa wa pili.

Upotofu wa kichwa una simulizi kama hiyo. Risasi ikiviringishwa juu ya meza na ncha ikaonekana inayumba, kidole huielekea kalibu ya kupachikia. Lakini chukua ganda tupu, lililokwisha kurudishiwa umbo na bado halijatiwa kichwa, lilaze juu ya vishikio viwili, gusisha kipimo cha mshale kwenye shingo yake na ulizungushe taratibu. Mara nyingi mshale unayumba tayari. Shingo ilipindishwa na kile kitunguu cha chuma kinachovutwa kupitia ndani yake ili kuipanua, kikavutwa kwa nguvu, kikavu, bila kilainishi. Au ukuta wa shingo ni mnene upande mmoja tangu kiwandani. Hapa ndipo ninapoipenda kazi hii kwa dhati, kwa sababu inakuruhusu kumhoji mshtakiwa kabla tukio halijatokea. Ikiwa shingo ilikuwa imepinda kabla ya kichwa kufika, hakuna kalibu duniani itakayokisimamisha wima.

Sipendi kudai kwamba hatua ya kupachika haikosei kamwe. Ipo kasoro moja iliyo yake hasa. Kalibu nyingi za kupachikia zina ukingo ndani unaoweza kuubana mdomo wa ganda juu ya kichwa. Kalibu ikishushwa kupita kiasi, ukingo huo huanza kubana wakati kichwa bado kinasukumwa. Mdomo umeshakishika, kichwa hakiwezi kwenda, nguvu ya wenzo inatafuta pa kupitia, na mabega ya ganda hutumbuka. Hutumbuka kidogo sana, jicho halioni, na mwenye risasi huja kujua bolti inapokataa kufunga. Hapo ni kweli: ipandishwe kalibu, vichwa vipachikwe kwanza, mdomo ubanwe baadaye kwa hatua ya pili. Na bado, ukikuta katika sanduku zima ni maganda matatu tu yaliyotumbuka, usiiguse kalibu. Yapime urefu hayo matatu. Yatakuwa marefu kuliko wenzake, na marefu hufika kwenye ukingo mapema.

Kisha kuna alama ya pete. Kichwa hutoka kwenye mashine kikiwa na duara lililochapwa mashavuni, mahali mchi ulipokandamiza. Pengine umbo la mchi haliendani na umbo la kichwa. Pengine shingo inabana mno. Au kuna kitu chini kinachosukuma juu, na kitu hicho ni baruti, imejaa ndani ya ganda kuliko nafasi iliyopo. Hapo tumefika kwenye kisa kikubwa kuliko vyote ninavyovijua vya namna hii, nacho kiliishia katika nyasi za Afrika.

Mwaka 1956 kampuni ya Winchester ilitoa risasi mpya, .458 Winchester Magnum, kwa ajili ya tembo na nyati. Kabla yake, mwindaji wa kulipwa wa Nairobi au Arusha aliyetaka nguvu ya kutosha alitegemea bunduki ya Kiingereza ya mitutu miwili, iliyotengenezwa kwa mkono na kuuzwa kwa bei waliyoimudu wachache, na risasi kama .450 Nitro Express ya mwaka 1898, yenye ganda refu na nafasi tele ndani yake. Winchester waliahidi nguvu ileile katika bunduki ya kawaida ya bolti. Bei ilikuwa sehemu ndogo ya ile ya Kiingereza, na risasi zenyewe zingepatikana wakati ambapo viwanda vya Uingereza vilikuwa vikielekea kuziacha zile kubwa za zamani. Haikushangaza kwamba .458 ilienea haraka.

Lakini ahadi ilikuwa na sharti ndani yake. Risasi ilitakiwa iingie katika bunduki ya urefu wa kawaida, ule wa .30-06. Ganda lililochukuliwa kuwa msingi, la .375 H&H la mwaka 1912, lina urefu wa milimita 72.4. Likafupishwa hadi 63.5. Kichwa chenye kipenyo cha milimita 11.6 na uzito wa gramu 32.4 ni kirefu, na kwa kuwa risasi nzima ilikuwa imewekewa kikomo cha urefu, kichwa hakikuwa na pa kwenda ila ndani, kwenye chumba cha baruti. Kasi iliyoahidiwa, karibu mita 650 kwa sekunde, ilidai baruti nyingi. Nafasi haikutosha. Ikashindiliwa.

Baruti iliyoshindiliwa hukisukuma kichwa kutoka chini, kikatamani kurudi kilikotoka. Na punje zake, zikikaa zimebanwa muda mrefu, zinaweza kushikana zikawa bonge lisilowaka kwa usawa. Malalamiko yakaja kutoka porini: risasi zenye kasi pungufu, risasi zilizochelewa kulipuka, vichwa vilivyoingia mwilini mwa mnyama kwa kina kidogo kuliko ilivyotarajiwa. Mwaka 1959, nchini Msumbiji, mwindaji na mwandishi wa Marekani Jack Lott alijeruhiwa na nyati ambaye risasi za .458 hazikumwangusha. Alipona, na swali likabaki naye. Mwaka 1971 akatoa jibu lake, .458 Lott.

Ninachokistahi katika jibu hilo ni mahali lilipoelekea. Lott hakutafuta mchi bora, wala njia mpya ya kubana mdomo, wala ustadi zaidi katika kupachika. Alirudi kwenye ganda la .375 na kuliacha karibu na urefu wake, milimita 71.1, likapokea kichwa kilekile cha .458. Milimita 7.6 za nafasi zikaifanya baruti ipumue. Kwa haki ya Winchester, baruti za siku hizi zimeiponya .458 sehemu kubwa ya maradhi yake, na wapo wengi wanaoitumia bila wasiwasi. Hata hivyo, kwa miaka mingi kasoro iliyoonekana pale kichwa kinapokutana na baruti ilikuwa imetokana na uamuzi wa ofisini kuhusu urefu wa bunduki, kabla shaba yoyote haijakatwa. Hakuna skrubu ya kalibu ambayo ingeliponya hilo. Na mtu aliyekuwa mbali kuliko wote na ofisi hiyo ndiye aliyelipa, akiwa na mnyama mbele yake.

Bunduki kubwa zinafundisha jambo jingine, kwamba kichwa kilichokaa vizuri benchini si lazima kiendelee kukaa. Bunduki ya .458 inaporuka nyuma, risasi zilizobaki kwenye magazini hugonga ukuta wa mbele kwa ncha zao, na kichwa kinaweza kusukumwa ndani zaidi. Katika bunduki ya mitutu miwili mambo hugeuka: ganda lililo kwenye mtutu wa pili hunyakuliwa nyuma pamoja na bunduki, kichwa kikasita, na risasi ikarefuka bila mtu kuigusa. Ndiyo maana vichwa vya namna hii vina mfereji mdogo unaovizunguka, na mdomo wa ganda hubanwa ndani yake. Mwenye busara hupima risasi moja, akaiweka magazini, akazipiga nyingine, kisha akaitoa ile moja na kuipima tena. Kipimo cha pili ndicho cha kuandika.

Kuandika nako kuna maana kubwa. Wanaofanikiwa kuiona sababu ni wale wanaobadilisha kitu kimoja tu, wakapachika risasi chache zisizo na baruti wala fataki, wakapima, wakaandika, kabla ya kugusa kingine. Anayeshusha mchi, akabadili aina ya kichwa na kuzipasha moto shingo kwa jioni moja, hata kasoro ikitoweka hajui ameiondoa kwa lipi, nayo itamrudia ikiwa na sura nyingine.

Linabaki sanduku la risasi ambazo zimeshajazwa kabla kosa halijagunduliwa. Hapa nina msimamo mkali na sioni sababu ya kuulegeza. Kishawishi ni kusema zitapigwa tu kwenye shabaha, haziendi kuwinda, zimalizwe. Lakini anayezimaliza hajui ni ipi imezama na ipi imegusa matuta. Zikiwa hamsini, zifumuliwe hamsini. Iko nyundo ya plastiki yenye uwazi ndani: risasi hufungwa humo, nyundo ikagongwa juu ya gogo mara moja au mbili, kichwa kikachomoka na baruti ikamwagika kwenye chemba ya nyundo. Vichwa visivyo na alama virudi kwenye kopo lao. Baruti irudi kwenye chupa yake ikiwa tu jina lake linajulikana bila shaka yoyote, na ikiwa kuna shaka itawanywe bustanini, haitadhuru majani. Maganda yenye fataki hai yawekwe peke yake na karatasi iliyoandikwa juu yake. Halafu lichukuliwe ganda moja tupu, lianze kupimwa shingoni.